Kutoka Barazani hadi Kiganjani: Historia ya Ulinzi wa Nyumba na Utazamaji wa Kamera kutoka Mbali katika Chumbageni, Tanga, tangu Uhuru hadi 2024

1.0 Utangulizi

Chumbageni ni miongoni mwa kata za Jiji la Tanga, na jina lake hujulikana hata kwa wasioishi huko kwa sababu ya kituo cha polisi kilichopo hapo. Hata hivyo, historia ya usalama wa makazi ya eneo hili haiwezi kuandikwa kwa kutazama kituo hicho peke yake. Kwa sehemu kubwa ya kipindi cha baada ya Uhuru, nyumba za Tanga zililindwa na watu waliokuwa karibu nazo: jirani aliyeketi barazani, mjumbe wa nyumba kumi, na baadaye mlinzi wa usiku. Katika muongo wa pili wa karne ya 21 hali ilibadilika. Mwenye nyumba aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Muscat alipata uwezo wa kufungua simu yake na kuliona geti lake la Tanga wakati huohuo.

Mabadiliko hayo huelezwa mara nyingi kama suala la ufundi tu, yaani namna ya kuunganisha kamera na intaneti. Insha hii inayachukulia kama suala la historia. Hoja yake kuu ni kwamba kamera inayotazamwa kutoka mbali haikuondoa ulinzi wa jirani wala wa mlinzi wa kulipwa. Ilichofanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo awali yalikuwa pamoja, yaani kuona na kuitikia. Hoja ya pili ni kwamba njia iliyotawala ya kuzifikia kamera hizo haikuchaguliwa na wenye nyumba. Ilitokana na muundo wa mitandao ya simu, na matokeo yake ni kwamba kiungo cha lazima kati ya nyumba ya Tanga na mwenye nyumba kimehamia katika seva zilizo mbali na wote wawili.

2.0 Baraza, Hodi na Mjumbe

Mji wa Tanga ulikua kwa haraka baada ya ujenzi wa reli ya Usambara kuanza mwaka 1893, mwaka uleule ambao Richard Hindorf aliingiza mkonge katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa misingi ya rangi na kipato. Wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika walijenga zaidi Ngamiani, penye mitaa iliyonyooka inayotajwa hadi leo kwa namba za barabara zake.

Nyumba ya Kiswahili iliyoenea katika miji ya mwambao ilikuwa na mpangilio wake wa ulinzi. Mbele palikuwa na baraza, katikati ukumbi wenye vyumba pande mbili, na nyuma uwani. Aliyeketi barazani aliona kila apitaye, naye alionekana. Aliyetaka kuingia alipiga hodi, na hakuvuka kizingiti kabla ya kukaribishwa. Kwa hiyo utamaduni wa makazi uliweka mpaka kati ya kinachoweza kutazamwa na kila mtu na kilicho siri ya wenye nyumba. Mpaka huo haukulindwa na ukuta mrefu bali na adabu inayofahamika na wote.

Baada ya Uhuru, utaratibu huu wa kijirani uliunganishwa na siasa. Katikati ya miaka ya 1960, TANU ilieneza mfumo wa mashina ya nyumba kumi, na kila shina likawa na mjumbe wake. Mjumbe alisuluhisha ugomvi, alijua nani amehamia na nani amepokea mgeni, na alikuwa mtu wa kwanza kuitwa palipotokea wizi. Haitakuwa sahihi kuusifu mfumo huo bila tahadhari, kwa sababu jicho la mjumbe lilikuwa pia jicho la chama na la dola. Hata hivyo, lilikuwa na sifa moja muhimu kwa mjadala huu: aliyeona alikuwa mahali pale, alijulikana kwa jina, na angeweza kuulizwa alichoona na kwa nini alikitazama.

3.0 Ukuta, Geti na Mlinzi wa Kulipwa

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, ambayo ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Tanga. Mwaka 1971 ilitungwa Sheria ya Kutwaa Majengo, iliyogusa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi yaliyochukuliwa katika miji ya Tanzania yalikuwa ya familia zenye asili ya Asia, na baadhi ya familia hizo ziliondoka nchini. Mwenye nyumba na mkazi wa nyumba wakawa, katika majengo hayo, watu wawili tofauti, mmoja wao akiwa ni taasisi ya umma.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, uchumi ulilegezwa. Bidhaa zilirudi madukani, lakini ajira za mashamba na viwanda zilipungua. Runinga, redio kubwa, jokofu na gari vilianza kuonekana katika nyumba za watu wa kipato cha kati, na vitu hivyo vikawa sababu ya kujenga ukuta. Katika kipindi hichohicho sungusungu, utaratibu uliochipuka kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, ulihamasishwa mijini. Augustino Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwa miongoni mwa viongozi walioupigia debe kwa nguvu.

Kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 kulimwacha mjumbe wa nyumba kumi akiwa kiongozi wa chama kimoja kati ya vingi, na kazi za kiserikali zikawa za mwenyekiti wa mtaa. Pengo lililobaki lilizibwa kwa fedha. Aliyeweza alijenga ukuta, akapachika vipande vya chupa au nyaya juu yake, akaweka geti la chuma na kuajiri mlinzi. Ulinzi ukawa kazi ya kulipwa, na pamoja na malipo lilikuja swali ambalo halikuwapo barazani: nani anamlinda mlinzi? Swali hilo ndilo lililoiandalia kamera soko lake.

4.0 Kamera kabla ya Intaneti

Kamera ya ulinzi ilizaliwa katika vita. Mwaka 1942 mhandisi Walter Bruch aliweka mfumo wa runinga wa mzunguko uliofungwa huko Peenemünde, Ujerumani, ili makombora yatazamwe yakirushwa bila mtazamaji kuhatarisha maisha. Kuihamishia nyumbani lilikuwa wazo la muuguzi wa New York, Marie Van Brittan Brown, ambaye pamoja na mumewe aliomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Brown alikuwa akibaki nyumbani peke yake saa za usiku katika mtaa ambao polisi walichelewa kufika. Mfumo wake ulimwezesha kumwona aliye mlangoni, kuzungumza naye na kufungua mlango akiwa chumbani.

Tanzania Bara haikuwa katika nafasi ya kupokea wazo hilo wakati huo. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya runinga katika miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, pale vituo binafsi, ikiwamo ITV, vilipoanza kazi. Kwa hiyo kamera iliyofungwa nyumbani kwa waya na kuonyesha picha katika kioo cha runinga isingekuwa na kioo cha kuonyeshea.

Mfumo uliozoeleka nyumbani baadaye ulikuwa wa kamera nne au nane zilizounganishwa kwa waya na kinasa picha kilichowekwa sebuleni au chumbani. Kinasa kilihifadhi picha katika diski, na diski ilipojaa, picha mpya zilifuta za zamani. Mfumo huo ulikuwa na mipaka miwili. Kwanza, ulisaidia baada ya tukio na si wakati wa tukio. Pili, mwizi aliyejua kilipo kinasa aliweza kuondoka nacho pamoja na ushahidi wote. Tamaa ya kuiona picha ukiwa nje ya nyumba ilitokana na mipaka hiyo.

5.0 Intaneti Inafika Mwambao

Kamera ya kwanza ya mtandao kuuzwa sokoni, Neteye 200 ya kampuni ya Axis ya Sweden, ilitoka mwaka 1996. Ilikuwa na uwezo wa kuunganishwa moja kwa moja na intaneti bila kompyuta kuwa kati. Hata hivyo, kwa Tanzania ya wakati ule, iliyotegemea setilaiti kwa mawasiliano ya kimataifa, kusafirisha picha za mwendo kungekuwa ghali kupita kiasi.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009 ukiwa umetua Dar es Salaam, na mkongo wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Serikali nayo ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuunganisha mikoa. Katikati ya miaka ya 2010 mitandao ya simu ya kizazi cha nne ilienea mijini, na simu janja za bei nafuu zikafika mikononi mwa watu wa kawaida. Kwa mara ya kwanza, vitu vitatu vilikutana katika nyumba moja ya Tanga: kamera, intaneti ya kudumu, na kioo cha mfukoni.

Gharama iliendelea kuamua matumizi. Picha inayosafiri kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takribani megabaiti 450 kwa saa, sawa na gigabaiti 10.8 kwa siku nzima. Kwa familia inayonunua vifurushi vya data, kutazama mfululizo hakuwezekani. Ndiyo maana matumizi yanayofaa katika mazingira hayo si kukesha mbele ya picha bali kupokea taarifa fupi kamera inapohisi mwendo, kisha kuangalia kwa dakika chache, huku rekodi kamili ikibaki katika kadi au diski iliyo ndani ya nyumba.

6.0 Njia Tatu za Kuifikia Kamera

Historia ya kuifikia kamera kutoka mbali inaweza kugawanywa katika njia tatu, ambazo hazikufuatana kwa usafi bali ziliingiliana.

Njia ya kwanza ilikuwa kufungua mlango katika rauta. Kila nyumba yenye intaneti huonekana nje kwa anwani moja, na vifaa vya ndani hutumia anwani za faragha zisizofikika kutoka nje. Fundi aliiagiza rauta ipeleke kila ombi linalofika katika mlango fulani hadi kwenye kinasa picha. Kwa kuwa anwani ya nje hubadilika mara kwa mara, mwenye nyumba alijiandikisha pia katika huduma inayolipa jina la kudumu na kulifuatanisha na anwani ya wakati huo. Njia hii ilimpa mwenye nyumba udhibiti kamili, lakini ilihitaji sharti moja: awe na anwani ya umma.

Sharti hilo ndilo lililokosekana. Akiba kuu ya dunia ya anwani za intaneti za toleo la nne iligawiwa yote kufikia Februari 2011, na mwaka 2012 likatengwa rasmi fungu la anwani za kutumiwa na kampuni za mawasiliano kwa wateja wengi kwa pamoja. Mitandao ya simu ndiyo iliyotumia sana utaratibu huu wa kuwafunika wateja wengi kwa anwani moja. Mwenye nyumba anayetumia modemu yenye laini ya simu anaweza kufungua kila mlango wa rauta yake, na bado asifikike, kwa sababu mlango wa nje ni wa kampuni na si wake.

Njia ya pili ilijibu tatizo hilo. Badala ya simu kuitafuta kamera, kamera yenyewe hutoka nje na kujitambulisha kwa seva ya mtengenezaji, nayo simu hufanya vivyo hivyo; seva huwakutanisha. Mteja huhitaji tu kupakua programu, kufungua akaunti na kupiga picha msimbo uliobandikwa kwenye kamera. Kwa soko la Afrika Mashariki, lenye vifaa vingi kutoka kampuni za China kama Hikvision na Dahua, zote zenye makao yake Hangzhou, njia hii ilikuwa rahisi kiasi kwamba haikuonekana kuwa ni uchaguzi. Lakini gharama yake si ndogo. Ruhusa ya kuingia nyumbani hutegemea seva ya nje, na akaunti iliyofunguliwa na fundi kwa barua pepe yake humwacha fundi na ufunguo wa nyumba baada ya kulipwa na kuondoka.

Njia ya tatu ni ya mtandao binafsi wa siri, unaojulikana kwa kifupi kama VPN. Simu ya mwenye nyumba hujiunga kwanza na mtandao wa nyumbani kupitia njia iliyosimbwa, na kamera haionekani kabisa kwa wengine. Wataalamu wa usalama huipendekeza kuliko kufungua mlango wa rauta. Nchini Tanzania, hata hivyo, njia hii ilikutana na udhibiti: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN kuwasilisha taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Hivyo njia iliyo salama zaidi kwa mwenye nyumba ndiyo iliyomtaka ajieleze kwa mamlaka, ilhali njia inayopitia seva ya nje haikuhitaji zaidi ya msimbo na nywila.

7.0 Mlango wa Pili wa Nyumba

Hatari ya kuunganisha kamera bila tahadhari ilidhihirika duniani mwaka 2016. Programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka katika intaneti ikitafuta kamera, vinasa picha na rauta, ikijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani. Vifaa vilivyokubali viligeuzwa kuwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn, na huduma nyingi kubwa za intaneti zikakwama kwa saa kadhaa. Kifaa kilichonunuliwa ili kuzuia wizi kilikuwa kimetumika kama silaha bila mwenye nacho kujua.

Somo la tukio hilo kwa mwenye nyumba wa Chumbageni ni la moja kwa moja. Kamera iliyounganishwa na intaneti huongeza mlango wa pili wa nyumba, na mlango huo hauko upande wa barabara. Hatua za kuufunga zinafahamika: kubadilisha nywila ya kiwandani siku ya kwanza, kufungua akaunti kwa jina la mwenye nyumba, kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, kusasisha programu ya kamera, kuzima huduma inayoiruhusu rauta kufungua milango yenyewe, na kutoweka kamera vyumbani.

8.0 Sheria na Wanaotazamwa

Sheria ya Tanzania ilifuata teknolojia kwa hatua. Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya faragha ya mtu, familia yake na makazi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilifanya kuingia katika mfumo wa mwingine bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo ikaweka utaratibu wa kupokea ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hii inahusu pia usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi, jambo linalogusa moja kwa moja picha zinazohifadhiwa katika seva za ng'ambo.

Mjadala wa kisheria humtazama zaidi mwenye kamera. Historia inalazimisha kuwatazama wanaotazamwa. Kamera ya geti humrekodi jirani kila anapotoka. Kamera ya uwani humrekodi dada wa kazi anapofua na kupumzika. Mlinzi aliyewahi kuwa jicho la nyumba amekuwa yeye mwenyewe kitu cha kuangaliwa. Kwa mizani ya adabu ya baraza, hili ni geuzi kubwa. Mtazamaji haonekani, hajulikani yupo macho saa ngapi, na hapigi hodi. Mfanyakazi wa ndani, ambaye mara nyingi hana mkataba wa maandishi, hana pia nafasi nzuri ya kuuliza picha zake zinaonwa na nani na zitafutwa lini.

9.0 Jaribio la Mei 2024

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikazorota vibaya katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Tukio hilo linasaidia kupima hoja ya insha hii. Kamera inayorekodi katika kadi yake haihitaji mkongo wa baharini ili iendelee kurekodi. Lakini kamera inayosubiri seva ya ng'ambo iikutanishe na simu hupoteza mtazamaji wake hata kama mtazamaji huyo yuko Ngamiani, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Umbali kati ya nyumba na mwenyewe haukupimwa tena kwa mitaa ya Tanga. Ulipimwa kwa nyaya zilizo chini ya Bahari ya Hindi.

Katika siku kama hizo, aliyebaki kuiona nyumba ni yule wa zamani: jirani, mlinzi, mpita njia anayejulikana. Na hata intaneti inapofanya kazi vizuri, mwenye nyumba anayemwona mwizi akiruka ukuta akiwa Muscat hana la kufanya ila kumpigia simu mtu aliye karibu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kamera imerefusha jicho, haikurefusha mkono.

10.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba ulinzi wa nyumba katika Chumbageni na Tanga kwa jumla umepita katika mikono ya jirani na mjumbe, kisha ya mlinzi wa kulipwa nyuma ya ukuta, na hatimaye ya mwenye nyumba asiyekuwapo. Kila awamu ilizaliwa na mazingira yake: siasa ya ujenzi wa taifa, ulegezaji wa uchumi, na ujio wa mikongo na simu janja. Aidha, imebainika kwamba uhaba wa anwani za umma katika mitandao ya simu ndio uliozifanya seva za watengenezaji kuwa njia kuu ya kuifikia kamera, na si uamuzi uliopimwa na wenye nyumba.

Kutokana na hayo, kamera inayotazamwa kutoka mbali haifai kutathminiwa kwa ubora wa picha pekee. Maswali ya msingi ni ya aina nyingine: ufunguo wa akaunti uko kwa nani, picha zinalala wapi, wanaorekodiwa wameambiwa nini, na nani ataitika mwenye nyumba atakapopiga simu usiku. Swali la mwisho lina jibu lilelile ililokuwa nalo baraza. Nyumba yenye kamera sita na isiyo na jirani anayepokea simu inaonwa vizuri, lakini haijalindwa.